Niuze ng'ombe nimnunulie laptopu, au aendelee na nukta nundu?

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi huku milimani Same. Nalima tangawizi, na nina ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye ndiye anayetulipia daftari, sabuni na nauli za shule. Nakuandikia kuhusu binti yangu wa kwanza. Ana miaka 15, yuko kidato cha pili.

Alianza kupata shida ya kuona akiwa darasa la sita. Vya mbele alikuwa anaviona, ila vya pembeni alikuwa anavigonga: ndoo, kizingiti, hata mdogo wake. Baadaye akawa anaruka mistari akisoma. Tulipompeleka hospitali ya rufaa tukaambiwa ni presha ya macho, na kwamba jicho la kulia limeshaharibika sana. La kushoto bado linaona, lakini katikati tu. Akapewa matone.

Mwaka jana alikuwa shule ya kata hapa kwetu, anakaa dawati la mbele na mwenzake anamsomea yaliyoandikwa ubaoni. Januari tukabahatika kumhamishia shule ya bweni yenye kitengo cha wanafunzi wasioona. Nilimshukuru Mungu. Lakini mwalimu wa kitengo alipoanza kumfundisha nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa kupapasa, mtoto akagoma. Analia, anasema, "Mama, mimi si kipofu, hawa wanataka kunifanya kipofu."

Likizo hii kaka yangu anayefanya kazi Dar alikuja kututembelea. Akaiwasha simu yake ikaanza kuongea, ikawa inasoma meseji yenyewe. Binti yangu alicheka siku hiyo, na ni muda sijamsikia akicheka. Mjomba wake akasema nukta nundu ni mambo ya zamani, dunia ya sasa ni kompyuta, hakuna haja ya kumtesa mtoto na vitobo. Anashauri tuuze ng'ombe tununue laptopu mpya, pamoja na programu ya kuifanya iongee, ambayo anasema inauzwa peke yake na bei yake ni kubwa. Yeye atachangia nusu. Ila mkuu wa shule ameshasema simu na vifaa vya namna hiyo haviruhusiwi bwenini.

Baba yake anasema tusifanye haraka, tusubiri, huenda macho yakarudi. Na kweli hata mimi moyo unanivuta huko. Matone ameyaacha tangu likizo ianze, anasema yanachoma na haoni faida yake, macho hayaongezeki.

Mwalimu, ng'ombe nikishamuuza ndiyo basi, sina uwezo wa kununua mwingine. Nisipomuuza, nitakuwa nimemnyima mtoto haki yake? Na huyu mwalimu wa vitobo, nimwambie aache?

Mama mwenye wasiwasi, Same

JIBU

Marahaba mama. Pole sana, na hongera kwa kumtafutia mtoto shule yenye kitengo. Wazazi wengi huishia kumficha ndani.

Umeniuliza kuhusu ng'ombe na kuhusu nukta nundu, na nitakujibu yote mawili. Ila jambo lililonishtua kwenye barua yako umelitaja mwishoni kabisa: ameacha matone. Hilo haliwezi kusubiri hata wiki moja.

Presha ya macho huua mshipa unaopeleka picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo. Sehemu ya mshipa ikishakufa hairudi, si kwa matone, si kwa upasuaji, si kwa miwani. Ndiyo maana binti yako anasema haoni faida. Matone hayakuwekwa ili yamwongezee kuona. Yamewekwa ili kile kidogo kilichobaki kwenye jicho la kushoto kisiende. Kila siku anayokaa bila dawa, presha inafanya kazi yake kimyakimya, bila maumivu ya kumwonya. Kwa hiyo mrudishe kliniki ya macho kabla shule hazijafunguliwa. Kwa nyie wa Same, hospitali ya KCMC pale Moshi si mbali. Mwambie daktari wazi kwamba aliacha, na kwamba yanamchoma. Zipo dawa za aina mbalimbali, daktari anaweza kumbadilishia, na pale matone yanaposhindikana kuna upasuaji wa kushusha presha. Akishaweka tone, afumbe jicho na kubonyeza taratibu kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Na tafadhali, msinunue matone yoyote dukani bila cheti. Baadhi ya matone ya kutuliza wekundu na muwasho yana dawa zinazopandisha presha ya jicho.

Siku hiyohiyo nenda na wale wadogo zake wawili wapimwe. Ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo. Wewe na baba yao mpimwe pia.

Hili linamjibu na baba. Kusubiri macho yarudi, kwa ugonjwa huu, ni kusubiri kilichobaki kiondoke. Kumwombea mtoto ni haki yake kama baba, na amwombee huku matone yanaendelea.

Sasa ng'ombe. Usimuuze.

Shemeji yangu huyo, kaka yako, ana nia njema na yuko sahihi kwa kitu kimoja kikubwa: mtoto asiyeona vizuri anahitaji kifaa kinachoongea, tena mapema. Asichojua ni kwamba sehemu ya gharama anayoiogopa haipo tena. Programu anayoisema ya bei kubwa nadhani ni JAWS au nyingine ya jamii hiyo. Ni nzuri, maofisi mengi duniani yanaitumia. Lakini mwaka 2006 kijana wa Australia asiyeona, Michael Curran, alianza kutengeneza programu nyingine ya kusoma skrini kwa sababu aliona si haki mtu asiyeona alipe mara mbili: alipie kompyuta, kisha alipie tena programu ili tu aweze kuitumia hiyo kompyuta. Mwenzake James Teh, naye haoni, akaungana naye. Programu yao inaitwa NVDA. Ni ya bure mpaka leo, inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya Windows isiyo ya kizamani sana, na unaweza hata kuibeba kwenye flashi ukaichomeka kwenye kompyuta ya shule bila kubadilisha chochote ndani yake. Ina sauti ya Kiswahili. Sauti yenyewe ni kavu, ya mashine, na siku za kwanza itamchosha, lakini masikio huzoea. Nimefundisha vijana waliokuwa wanaiongeza kasi mpaka sisi tunaoona tukikaa pembeni hatuambulii hata neno moja.

Na simu kaka yako aliyoiwasha haikuwa ya ajabu. Kama nyumbani kuna simu janja yoyote ya Android, kuna uwezekano mkubwa programu hiyo imo tayari. Inaitwa TalkBack. Iko kwenye Mipangilio, sehemu ya ufikivu. Ila kabla hujaiwasha jifunze kwanza kuizima, kwa sababu ikishawaka simu hubadilika tabia: ukigusa kitu mara moja inakitaja tu, mpaka uguse mara mbili harakaharaka ndipo kinafunguka, na kupandisha ukurasa unatumia vidole viwili. Watu wengi hudhani wameharibu simu. Kwenye simu nyingi, ukishaweka njia hiyo ya mkato, unabonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja kama sekunde tatu, inawaka au inazima.

Kisha mwambie mjomba apakue sauti ya Kiswahili kwenye mipangilio ya usomaji. Asipofanya hivyo, simu itasoma meseji zako kwa sauti ya Kiingereza, na "chakula kipo jikoni" itatoka kitu ambacho hata wewe uliyekiandika hutakitambua. Nimeona watoto wakikata tamaa na teknolojia yote kwa sababu hiyo tu, kumbe ni suala la kupakua sauti sahihi. Na kwa kuwa yuko sekondari atahitaji zote mbili: ya Kiswahili kwa Kiswahili, ya Kiingereza kwa masomo mengine.

Hapo kwenye Kiingereza ndipo ninapoachana na mjomba kuhusu nukta nundu.

Fikiria mtoto wako kidato cha pili anasoma Biolojia, Kemia, Jiografia, Historia, na yote ni kwa Kiingereza. Kiswahili chetu kinaandikwa kinavyotamkwa. Mtoto anayekisikia tu anaweza kukiandika bila makosa mengi. Kiingereza sivyo. Mtoto aliyesikiliza tu, hajawahi kugusa wala kuona neno likiwa limeandikwa, atajuaje kwamba "photosynthesis" inaanza na p na h? Atajuaje kwamba "knowledge" ina k ambayo haitamkwi? Nimesahihisha kazi za wanafunzi werevu sana, wanaoweza kukueleza mzunguko wa damu bila kukwama, lakini daftari lao ukilisoma ni "fotosinthesisi" na "noleji" kuanzia juu mpaka chini. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wamefundishwa kusikiliza, hawakufundishwa kusoma. Sauti inakupa habari, tena kwa haraka. Haikuonyeshi herufi, alama ya mkato, wala aya inaanzia wapi.

Kwenye Hisabati ni zaidi. Mwambie mjomba amsomee mtu kwa sauti, "a gawanya kwa b jumlisha c." Halafu amuulize: hiyo c iko chini pamoja na b, au imekaa peke yake nje? Kwa sikio hakuna anayeweza kujua, na majibu yake ni tofauti kabisa. Kwa kidole mwanafunzi anaipapasa na kuijua palepale.

Halafu kuna mtihani wenyewe. Baraza la Mitihani, NECTA, huwaandalia watahiniwa wasioona karatasi za nukta nundu, na wenye uoni hafifu karatasi ambazo maandishi yake yamekuzwa. Muda nao huongezwa: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Leo binti yako anaweza kuwa wa maandishi yaliyokuzwa. Mungu akipenda na matone yakifanya kazi, atabaki hapo. Lakini jicho lake la kushoto likichoka kabla ya kidato cha nne, karatasi itakayowekwa mbele yake ni ya nukta. Nukta nundu hazijifunzwi kwa mwezi mmoja kabla ya mtihani. Vidole vinahitaji muda mrefu kuzoea kutofautisha, na mtu akianza akiwa bado anaona kidogo huwa na nafuu kubwa, maana anaweza kuzithibitisha kwa jicho anapokwama.

Kwa hiyo usimwambie mwalimu wa kitengo aache. Mpigie simu umshukuru. Ila mwombe abadilishe mwendo, na hapa tuongee kuhusu hayo machozi.

"Mimi si kipofu." Mtoto anasema kweli, mama. Ana uoni hafifu, na bado anaona uso wako ukikaa mbele yake. Mtu mzima akimwekea karatasi ya vitobo bila maelezo, yeye anasikia hukumu: umekwisha. Mimi ningemwambia hivi: "Hatukufundishi hii kwa sababu umekuwa kipofu. Tunakufundisha ili jicho lako lipumzike usiku, na ili siku yoyote usikwame." Na asiachishwe kusoma kwa macho. Apewe maandishi makubwa na meusi, akae karibu na dirisha bila jua kumpiga usoni, na kliniki ya uoni hafifu imtafutie lenzi ya kukuza. Ajifunze nukta kwa vipindi vifupi, pembeni ya hayo yote.

Pia ni vizuri ajue nani alizitengeneza. Louis Braille alikuwa mtoto wa fundi wa ngozi huko Ufaransa. Alijichoma jicho kwa kifaa cha baba yake akiwa na miaka mitatu, na maambukizi yakayachukua macho yote mawili. Mfumo huu aliukamilisha kwa sehemu kubwa mwaka 1824, akiwa na miaka 15, umri wa binti yako hasa. Hakupewa na mtu mzima anayeona. Alikuwa mwanafunzi aliyechoka kusomewa.

Na wewe jifunze naye. Usiogope, si kazi kubwa. Chukua trei la mayai, kata kipande chenye mashimo sita: matatu kushoto, matatu kulia. Kushoto kutoka juu kwenda chini ni 1, 2, 3. Kulia ni 4, 5, 6. Weka jiwe shimo la 1: hiyo ni a. Mawe mawili, la 1 na la 2: hiyo ni b. Tayari unaweza kuandika "baba". Herufi kumi za kwanza, a mpaka j, zote zinatumia mashimo manne ya juu tu. Kumi zinazofuata, k mpaka t, ni zilezile kumi za mwanzo zikiongezewa jiwe moja shimo la 3. Kwa hiyo a ukiiongezea la 3 inakuwa k, na c, ambayo ni 1 na 4, ukiiongezea la 3 inakuwa m. Hapo umeshapata "mama". Herufi itakayowasumbua ni w, ambayo sisi Waswahili tunaihitaji kila sentensi. Yenyewe haifuati mpangilio, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule kilikuwa hakina haja nayo. Ikaririni peke yake: 2, 4, 5, 6. Kaeni jioni wewe, yeye na wadogo zake, mmoja apange mawe na wengine wapapase wamefumba macho. Likiwa jambo la nyumba nzima halitakuwa tena adhabu yake peke yake.

Mwambie na hili, litamfurahisha zaidi kuliko maneno yangu mengine: nukta nundu na simu si maadui. Kwenye TalkBack, tangu mwaka 2020, kuna kibodi ya nukta nundu. Unailaza simu, unaweka vidole sita kwenye kioo na kuandika meseji kwa nukta, haraka kuliko kutafuta herufi mojamoja. Na kuna vifaa kama Orbit Reader 20, chenye mstari wa pini ndogo zinazopanda na kushuka zenyewe kila unapobonyeza kwenda mbele. Kitabu kimoja cha kawaida kikichapwa kwa nukta nundu huwa majalada kadhaa makubwa yasiyoingia kwenye begi. Kwenye kifaa hicho kinakaa ndani ya kadi ndogo ya kumbukumbu pamoja na vingine vingi. Kwa majirani zetu Kenya, shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limekuwa likiwapatia wanafunzi vifaa hivyo. Sasa mtoto aliyekataa nukta nundu, kifaa cha namna hiyo kikifika shuleni kwake atakitumiaje?

Tena kisheria mlango wa vitabu uko wazi zaidi kuliko zamani. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu taasisi husika kugeuza vitabu kuwa vya nukta nundu, sauti au faili za kompyuta kwa ajili ya wasioona bila kwanza kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Usikubali kuambiwa kwamba kitabu fulani hakiwezi kutolewa nakala kwa ajili ya mwanao.

Turudi kwenye vifaa, kwa sababu najua mjomba anasubiri kusikia atoe nini. Kabla ya kompyuta, mtoto ajifunze kibodi. Mtu asiyeona hatumii mausi, anatumia vidole na kumbukumbu. Papasa kibodi yoyote: herufi F na J zina kimstari kidogo kilichoinuka. Hapo ndipo vidole vya shahada hukaa, na herufi nyingine zote hupimwa kutokea hapo. Hata kitochi chako, namba 5 ina kinundu katikati, kwa kazi ileile. Mwambie mjomba anunue kibodi ya kawaida ya kuchomeka na kile kiwaya kifupi cha OTG kinachoiunganisha na simu. Binti yako atafanya mazoezi ya kuandika kwenye simu ya nyumbani, TalkBack ikimtajia kila herufi anayobonyeza. Gharama yake haifiki hata karibu na bei ya ndama. Aongeze na spika za masikio za waya, atumie sikio moja tu darasani, lingine limsikie mwalimu.

Akishaweza kuandika bila kutafuta herufi, hapo laptopu iliyotumika kidogo itakuwa na kazi, na mjomba aitoe hiyo nusu yake aliyoahidi. Hiyo nusu inatosha kuinunua, na NVDA ni bure. Ukinunua mashine mpya leo, kabla hajajua kuitumia, itakaa sandukuni na maziwa hamtakuwa nayo.

Kuhusu mkuu wa shule. Anayo sababu, shule zetu nyingi hazitaki simu kwa wanafunzi na sisi walimu tunajua kwa nini. Usiende kugombana naye. Nenda na mwalimu wa kitengo, mkiwa na barua ya daktari, na msiombe "simu". Ombeni kifaa cha kujifunzia kisicho na laini, kinachotunzwa na mwalimu wa kitengo, kinachotolewa wakati wa vipindi na maandalio ya jioni na kurudishwa. Mkuu mwenye busara ataona tofauti. Akisita, mkumbusheni kwa adabu kwamba tunayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 24 ni ya elimu na inataja kabisa kujifunza nukta nundu.

Mkiwa palepale ofisini ulizeni jambo jingine: je, shule iliwahi kupokea vifaa? Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, umekuwa ukipeleka vifaa vya TEHAMA kwenye shule zenye wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Nimeingia stoo za shule nikakuta mashine za Perkins, zile za kuchapia nukta nundu, zimefunikwa vumbi kwa sababu ya kitufe kimoja kilichokwama, na kompyuta ambazo hazijatolewa kwenye maboksi kwa sababu hakuna aliyefundishwa kuziwasha. Inaniuma sana kila ninapoliona hilo. Kama zipo, mzazi akiuliza, stoo hufunguliwa. Kama hazipo, Chama cha Wasioona Tanzania wana wanachama wanaotumia vifaa hivi kila siku, na ndio watu ambao ningependa binti yako akutane nao. Amwone dada mtu mzima asiyeona, anayefanya kazi, anayesoma kwa vidole asubuhi na kusikiliza simu yake mchana.

Kwa walimu wa masomo ombi ni dogo. Notisi wazichape, wasizipige picha. Programu inayosoma skrini haiisomi picha ya daftari iliyotumwa WhatsApp, kwake ni picha tu. Programu za kutambua maandishi kwenye picha zipo na zinasaidia kwa kitabu kilichochapwa, ila mwandiko wa mkono zinaubabaisha. Na mwalimu anapoandika ubaoni aseme anachokiandika. "Hii hapa ukijumlisha na ile pale" haimsaidii mtoto aliyekaa dawati la mbele na haoni ubao.

La mwisho lina tarehe, kwa hiyo liandike mahali. Binti yako yuko kidato cha pili, na mwishoni mwa mwaka ana upimaji wa kitaifa. Mkuu wa shule ndiye anayepeleka taarifa za watahiniwa, na mtoto asipoandikishwa mapema kama mwenye uoni hafifu atawekewa karatasi ya maandishi ya kawaida, bila zile dakika za ziada. Amehamia hapo Januari tu, inawezekana kabisa taarifa zake za macho zimebaki shule ya zamani. Siku utakayompeleka kliniki mwombe daktari barua nakala mbili: moja ya mkuu wa shule, moja ya mwalimu wa kitengo. Hakikisha mwenyewe kwa macho yako kwamba jina lake limeandikwa kwenye orodha hiyo, kisha uniandikie daktari alisema nini kuhusu jicho la kushoto.